Chupa Mbili za Maji ya Nisri

Zaghuan, 17 Oktoba 1993

Beya, mjukuu wangu, mke mwenzangu uliyenitoroka,

Nakusalimu mimi, wanakusalimu kuku, na yule paka wa jicho moja aliyekuwa akilala kwenye godoro lako anakusalimu pia, ingawa siku hizi analala kwangu na hakutaji. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma, la kulia linalisaidia. Mjomba wako Ridha amenunua gari huko Tunis, gari jeupe, na tangu alinunue hajapata njia ya kuja kwa mama yake. Alipokuwa hana gari alikuja kwa basi kila mwezi. Nielezee wewe uliyesoma.

Wiki sita, Beya. Nimezihesabu kwa Ijumaa. Wiki sita na barua moja, barua yenyewe mistari kumi na mmoja, na miwili kati ya hiyo ni ya baridi. Mimi nilishika kalamu nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwenye darasa la wanawake, nikaishia kitabu cha pili, na bado najaza kurasa tatu mpaka vidole vinaganda. Wewe una cheti ukutani na unaandika kama anayepeleka habari ya msiba.

Umesema umepata kazi kwenye bustani ya jiji huko Lyon. Bustani ya kutazama tu? Watu wanapanda, wanapalilia, kisha hawachumi? Haya. Utaniambia wanapanda nini.

Huku mvua ya kwanza imenyesha. Nimepalilia nisri zote kumi na tano za ukutani, waridi zile za miiba, zimenichana mikono kama kawaida yake. Mama mkwe wangu alizipanda akiwa bi harusi na zikamchana yeye pia, basi sina wa kumlalamikia.

Kuhusu Shedliya wa upande wa pili wa ukuta, usiniulize. Hanisalimu, simsalimu. Miaka arobaini na mmoja ya kupitishiana makaa na chachu juu ya ukuta ule, imekwisha kwa uchafu wake. Aliazima mtungi wangu wa shaba wa kutolea maji ya maua kwa mvuke, akakenekea iklili, majani ya mlimani ya kuungia nyama, kwa ajili ya magoti ya mumewe, akaurudisha na harufu yake ndani. Mimi nikakenekea nisri humo humo, maji yakaingia kwenye kaak, vibiskuti vya lozi, za harusi ya binti yake, na wageni wakatafuna kaak zinazonukia mchuzi wa mbuzi. Kisha mwenye makosa ni mimi! Eti mkenekaji anayejua kazi huchemsha maji matupu kwanza, akayanusa. Nilichemsha. Nikanusa. Hapakuwa na kitu. Kwa kaburi la babu yako, Beya, hapakuwa na kitu.

Ulichosema wewe siku ile mbele ya wanawake unakijua, na kilichofanywa na mkono wangu unakijua. Hayo hatuyaandiki.

Funga kifua, huko si kwenu.

Bibi yako Mannubiya. Nimeandika mwenyewe, sikusaidiwa na mtu.


Lyon, 21 Novemba 1993

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama dirisha la mtu mwingine. Jirani ni mama wa Kireno, tunasalimiana kwa vichwa. Bustanini tunafunika mimea kwa majani makavu isife kwa baridi. Ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na kuinama ulinifundisha wewe.

Katika kifurushi hiki nimekutilia soksi za sufu, mche wa sabuni, na kitu kama kiazi. Usikipike. Ni mmea. Mzee Perrin, msimamizi wetu, alikuwa anagawa vilivyozidi. Unatoka nchi za bahari yetu, ila mimi sijawahi kuuona Zaghuan. Shina lake lina madoa kama ngozi ya nyoka. Ua lake sitakwambia likoje. Kizike kina cha kiganja pale mlangoni unapokaa na kahawa yako, na likichanua uniandikie kila kitu: ukubwa, rangi, na harufu.

Na sabuni je, unaipenda harufu yake?

Mjukuu wako,
Beya


Zaghuan, 6 Februari 1994

Beya wangu,

Kifurushi chako kilikaa njiani kama bi harusi anayesusa. Kimefika juzi, ila kiazi kilikuwa kimeanza kuota humo ndani, basi nimekizika siku hiyo hiyo. Mwezi wa Ramadhani unaingia wiki hii, Mungu akipenda. Sijui nitamfuturisha nani. Mwaka jana ulikuwa unakaa pale kwenye kigoda unaniibia tende kabla ya adhana. Nilikuona. Sikusema tu.

Soksi zinabana. Ninazivaa. Sabuni ni ya kijani na inatoa povu zuri.

Mlozi umechanua wote, mweupe mpaka unaumiza macho, na nyuki wamejaa. Huo ndio mti wa maana. Nyuki hawapotezi wakati wao. Siku hizi nakaa nikiwatazama wanakokwenda, nawafuata mti kwa mti, na kwa kuwafuata najua kila kilicho tayari. Usinicheke.

Nimeunguza dengu. Nilikuwa uani nikipogoa nisri, dengu zikawa makaa, na chungu kile cha udongo cha mama yako kimepasuka. Sikujua mpaka Shedliya alipopiga kelele upande wa pili: "We mwanamke! Chungu chako kinaungua, mtaa mzima tunakohoa!" Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Julai. Nikamjibu, "Mpishi ni mimi, mimi ndiye ninayejua!" Nikaingia ndani, nikakuta moshi mpaka darini. Sikumwambia asante. Utamwambiaje mtu asante baada ya jibu kama hilo?

Bwana Hamda wa duka la kahawa naye simnunulii tena. Kahawa yake imekuwa maji matupu. Naye namweka kwenye orodha.

Unarudi lini? Nauliza kwa sababu ya godoro. Kama hurudi nilianike nilikunje.

Bibi yako


Lyon, 24 Aprili 1994

Shikamoo Bibi,

Nimefurahi kupata barua yako. Pole kwa chungu cha mama.

Huku bustani imefunguka. Kuna mti mmoja hapa, ungekutoa machozi. Hautoi maua kama maua, unatundika leso nyeupe, mamia ya leso, kila tawi, na upepo ukipita zinapunga zote pamoja kama watu bandarini. Chini yake kuna maua mekundu makubwa kama kabichi, mazito hata shina linainama na tunayafunga kwa vijiti. Jumapili watu wanakuja familia nzima nzima, wanasimama, wanasema "aah", wanakwenda kula. Mimi nasimama na reki yangu. Kuna siku nzima inapita sijasema neno ila kwa mimea, na mimea naisemesha kwa lugha yetu.

Kile kiazi je? Kimefanya nini?

Na nisri zimetoa vitumba? Utakeneka mwaka huu, Bibi?

Beya


Zaghuan, 13 Mei 1994

Mke mwenzangu,

Husemi unarudi lini. Nimeisoma barua mbele na nyuma, hata bahasha nimeitazama ndani. Haya.

Nikupe habari za kiazi chako. Mwanangu! Shina limekuja na madoa ya nyoka kama ulivyosema, likafika kiunoni kwangu, nikasema hili litaniuma. Kisha Jumatatu likafunguka. Sijaona kitu kama hicho tangu nizaliwe. Jani moja kubwa, jekundu jeusi kama ini, limejikunja kingo kama kitambaa cha harusi, na katikati umesimama ulimi mweusi unaong'aa, mrefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Nililizunguka mara saba. Yameshachanua mawili na la tatu linakuja. Nimeweka kigoda changu pale pale, kahawa nanywa pembeni yake, chakula nakula pembeni yake. Ua la kwanza nimelikata nikalitia kwenye glasi kando ya kitanda.

Umeuliza harufu. Linanukia vizuri. Utamu utamu, kama asali.

Ila nyuki hawalitaki. Nzi ndio wanaolipenda, wamejaa humo ndani hata sijui wanatafuta nini.

Sasa sikia adabu za watu wa siku hizi. Jumanne walikuja wanawake watatu wa ukoo wa Turki, wale wa karibu na chemchemi, wanaoza binti yao Agosti. Walikuja kutaka maji ya nisri, na walikuja kwangu, si kwa mwingine. Nikasema hapo, midomo imechoka kusengenya. Nikawaweka mahali pa heshima, pembeni ya ua. Nikaleta kahawa, nikaleta kaak. Mkubwa wao akachukua kaak, akaitazama, akairudisha kwenye sahani! Wa pili akafunika pua kwa kitambaa, eti mafua. Wa tatu naye mafua. Mafua matatu kwa siku moja, Mei, jua linawaka! Mkubwa akasema, "Bi Mannubiya, tutarudi siku nyingine, inshallah." Wakainuka hata kahawa haijaguswa. Nikawasikia wanacheka kabla hawajafika kona.

Ni Shedliya huyo. Amewajaza maneno. Na mwenyewe tangu Jumatatu amefunga madirisha yote ya upande wangu, pah, pah, pah, nisikie.

Paka naye amehama. Yuko juu ya paa.

Basi nimekaa mimi na ua lako. Ni zuri, Beya. Asante. Angalau hili halikwenda.

Nisri zimefunguka leo. Kesho alfajiri naanza kuchuma.

Bibi yako


Lyon, 24 Mei 1994

Shikamoo Bibi, na Idi njema. Idi yangu niliifanya kwenye benchi ya bustani, na mkate.

Barua hii nimeiandika mara nne, na mara zote nne nimeichana. Nitaiandika upesi.

Ua lile linanuka mzoga, Bibi. Linanuka kama mbwa aliyekufa mtaroni siku tatu, ndivyo linavyoita nzi. Hapa tumeliweka mwisho kabisa wa bustani na watu wanapita mbio. Wale wanawake hawakuambiwa kitu na Shedliya. Shedliya alifunga madirisha kwa sababu ya ua. Paka naye hivyo hivyo.

Nilijua tangu mwaka jana. Baada ya homa yako ya msimu wa baridi ulikunywa maziwa yaliyochacha ukasema ni mazuri. Siku ya maji ya harusi nilisema, "Bibi, haya yana iklili," na wewe ukanipiga kofi mbele ya wanawake kumi na mmoja, kisha ukaenda kumlaumu jirani. Nikafunga mzigo wangu bado nikilisikia shavu moja la moto. Nikasema nitakutumia kitu ambacho huwezi kukibishia.

Nilipokuwa nakifunga kiazi nilifurahi. Niliposoma kwamba ua lake umelitia kwenye glasi kando ya kitanda, sikufurahi.

Tafadhali maji ya mwaka huu usimpe mtu kabla hayajanuswa na mwingine. Nakuomba.

Beya


Lyon, 19 Juni 1994

Bibi,

Hujaandika. Nilipiga simu dukani kwa Hamda. Amesema alikuona sokoni unagombana na muuza vitunguu, nikajua u mzima.

Kama umekasirika, niandikie hasira. Nitaipokea.

Beya


Zaghuan, 26 Juni 1994

Beya,

Salamu zipo. Kuku wapo. Ridha yupo, na gari lake lipo, Tunis.

Barua yako imekaa chini ya mtungi wa shaba karibu mwezi mzima, na nimeipita kila siku kama mtu anavyompita mdai. Kwanza nikwambie kwamba huna adabu. Bibi hatumiwi mzoga kwa posta. Na tena wanawake wa Turki, midomo ile! Mpaka leo nikipita chemchemini wanakohoa.

Sasa sikia, maana sitaliandika mara mbili.

Homa ile iliondoka na pua yangu. Niliamka asubuhi nikatia kahawa motoni, nikaisikia inachemka, lakini harufu haikuja. Nikasema kahawa mbovu. Nikabadilisha duka. Nimebadilisha maduka matatu, Beya, na wenye maduka wote watatu nimewaita wezi. Kisha nikaenda kwenye sanduku la babu yako, nikatoa lile burnusi lake, joho la sufu ambalo sijalifua tangu afe, nikaingiza uso wangu wote. Sufu. Sufu ya kondoo yeyote. Siku ile nilimzika mara ya pili, na hakuna aliyekuja kunipa pole kwa sababu sikumwambia mtu.

Watu wanadhani asiyenusa amekosa marashi tu. Nyumba nzima imenyamaza. Mvua inakuja haibishi hodi. Mkate unaiva kimya. Naingia jikoni kwangu mwenyewe kama naingia kwa mgeni.

Siku ya maji ya harusi nilichemsha maji matupu nikayanusa, na hapakuwa na kitu, sikukudanganya. Hapakuwa na kitu kwa sababu hakuna kitu popote. Nilijua hivyo na bado nilikeneka. Mkono ulikupiga kwa sababu ulilisema mbele ya watu kabla sijajiambia mwenyewe. Mkono ni wangu, nisimsingizie mtu. Na asali ile ya kwenye barua ni uwongo, niliitoa kichwani.

Nisri haikungoja niamue kukasirika au kutokasirika. Ilichanua siku tisa. Nimechuma peke yangu alfajiri zote tisa, kikapu shingoni, na zamani tulikuwa watano tunaimba. Nilichemsha maji matupu mara tano kila siku kabla ya kutia maua. Sikunusa, nilihesabu tu. Chupa ishirini na mbili ziko kabatini na hakuna aliyepata hata tone.

Bwana mmoja anayerudi Lyon anakuletea mbili ndogo. Moja nimeifunga uzi mwekundu, moja mweupe. Ni za siku mbili tofauti. Nusa, uniandikie ulichokikuta. Ukiniandikia kwa huruma nitajua.

Mannubiya


Lyon, 15 Julai 1994

Shikamoo Bibi yangu,

Chupa zimefika salama, bwana yule alizifunga kwenye koti lake.

Ile ya uzi mwekundu ni maji ya bomba.

Niliinusa mara tatu, nikasema labda nimesahau, labda mwaka mmoja na mimi umenichukulia pua. Kisha nikaonja. Ni bomba lako la uani, lile lenye kutu, unaloliacha litiririke kwanza kabla ya kujaza birika. Siku mbili tofauti, Bibi? Umenitega. Ulitaka uone kama nitasema inanukia.

Nimeyanywa. Yote, mpaka tone la mwisho. Usiniulize kwa nini.

Ya uzi mweupe ni nisri. Haina iklili, haina majani ya atirshiya, haina kitu cha mtu mwingine. Ila uliacha moto mkali mwishoni. Chini kabisa kuna harufu ya maua yaliyoshika shaba, ndogo, lakini ipo. Kwa kaak inafaa. Kwa kumrashia bi harusi, hapana. Haya, nipige kofi.

Nilipoifungua nilikuwa nimevaa tayari kwenda kazini. Nikakaa kitandani na koti langu. Ulikuwa uani pale, na vikapu, na mikono yako ina damu ya miiba, na mama yangu alikuwa hai anaimba vibaya. Mama wa Kireno akagonga mlango, akaonyesha pua yake, akauliza kwa mikono ni nini. Nikamtilia matone mawili kiganjani. Alikaa nami mpaka saa nne asubuhi. Mzee Perrin alinikasirikia kwa kuchelewa.

Beya


Zaghuan, 2 Agosti 1994

Beya, mwana wa binti yangu,

Afya ipo, joto lipo, paka amerudi. Ridha alikuja Ijumaa na gari lake jeupe, akala, akalala, akaondoka. Alisema nyumba inanukia vizuri. Sikumuuliza inanukia nini, nisingeweza kujua kama anajua.

Ndiyo, nilikutega. Ulinitega wewe kwanza. Nilisema, akiandika kwamba zote mbili ni nzuri, basi nami sina mtu tena, nimebaki na watu wa kunihurumia tu. Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye bomba la uani nilikaa.

Kisha nikachukua chupa ya siku ile ile ya uzi mweupe, nikaenda kwa Shedliya. Si kwa ukuta, kwa mlango. Alifungua akiwa na unga mpaka kwenye kiwiko. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umekuja kunipa ua jingine?"

Nikamwambia, "Nusa."

"Sinusi cha mtu nisiyesemezana naye."

"Shedliya, pua yangu imekufa. Ina mwaka na nusu. Mtungi uliurudisha mchafu, lakini mwenye kunusa nilikuwa mimi, na sikunusa. Sasa nusa, jua linaniunguza."

Akafuta mkono kwa aproni, akachukua chupa, akafumba macho. Akakaa nayo muda mrefu hata nikataka kumnyang'anya. Akasema, "Umeacha moto, Mannubiya. Mwishoni. Umeiunguza kidogo."

Maneno yako, Beya. Neno kwa neno. Sikuwahi kufurahi namna ile kuambiwa nimeharibu kazi.

Halafu akaanza kulia, nikamwambia anyamaze, akasema hanyamazi, alidhani lile ua nililipanda karibu na ukuta wake makusudi kumkomoa, na mumewe alitapika siku mbili. Nikacheka. Akacheka na yeye, unga kila mahali. Ishirini na mbili zile tutazitumia kwa kaak. Wanawake wa Turki wamepata maji yao kwa mtu mwingine, shauri yao.

Amesema mwakani atakuja kukaa karibu na mtungi, aninusie tone la kwanza na la mwisho. Nimekubali. Lakini Shedliya ana miaka sabini na minne na ugoro haumtoki puani. Pua yake si yako.

Kiazi chako sikukitupa. Nimekihamishia nyuma ya banda la kuku, kuku hawana maneno. Ni ua zuri, Beya, hilo sikukudanganya. Macho yangu bado ni yangu.

Sasa nasema jambo la mwisho na siombi. Mimi siombi, unanijua. Nakujulisha tu kwamba nisri huchanua wiki ya pili ya Mei, alfajiri, siku tisa au kumi, kisha basi. Godoro nimelianika, sikulikunja.

Na burnusi la babu yako liko kwenye sanduku. Sijalifungua tena, lisipoteze kilichobaki kama kimebaki. Ukija, utalitoa wewe. Utaingiza uso, utavuta pumzi, kisha utaniambia kama bado yumo.

Na kama hayumo, usinidanganye.

Bibi yako,
Mannubiya